Mama alikataa kukalia kinu: siku mbili kwenye hoteli ya sanaa Mwanza

Hoteli hii niliichukua kwa ajili ya mama. Alikuwa na kliniki ya macho hospitali ya Bugando Jumatatu asubuhi. Yeye anatoka Magu, mimi natoka Dodoma, na nilishachoka na zile gesti za karibu na stendi ambazo hata ukifunga mlango, muziki wa baa unaingilia dirisha la choo. Nikasema safari hii tujitutumue. Ni hoteli ndogo, vyumba havifiki thelathini, imejengwa kwenye mteremko wa mawe unaotazama ziwa, na inajinadi kuwa hoteli ya sanaa. Nililipa laki mbili na sitini kwa usiku, chumba cha vitanda viwili pamoja na chai ya asubuhi. Jina silitaji. Nina lawama, na wenyewe nimeshawaambia ana kwa ana.

Mapokezi hawana makochi, wana vinu. Vinu kabisa vya kutwangia, vimepigwa msasa na vanishi, kila kimoja kimefunikwa kwa mto wa kitenge. Mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili, kwa hiyo siku hizi vitu vingi anavijua kwa mkono. Kijana wa mapokezi, baada ya shikamoo, akamwambia akae apumzike. Mama akapapasa, akainua mto, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Baba, hiki si kinu?"

"Ndiyo mama, hapa ni sanaa."

"Mtwangio wake uko wapi?"

Kijana akacheka. Mama hakucheka. Kwake yeye kukalia kinu ni mwiko, basi akabaki amesimama, ameegemea kaunta, mpaka nilipomaliza kujaza fomu. Nilianza kuona aibu, halafu nikakumbuka anayelipa ni mimi. Yule kijana, sifa yake nimpe, alikimbilia jikoni akarudi na kiti cha plastiki. Kesho yake tulikikuta bado pale pale, cheupe, katikati ya vinu vyao vya vanishi.

Kwenye korido wametundika vibuyu vya maziwa, ngoma, na majembe ya mpini mfupi kama yale wanayoyarusha wachezaji wa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma. Vyote vizuri. Ila ngazi nzima ya kwenda juu ni picha za tingatinga: chui, twiga, na Mlima Kilimanjaro mara tatu. Sina ugomvi na tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alitoka huko Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, rangi zenyewe za kupaka baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki 1972 na mtindo wake ukabaki unalisha familia nyingi mpaka leo. Lakini mtu amefika Mwanza, unamwonyesha Kilimanjaro mara tatu? Makumbusho ya Bujora hayako mbali, ni hapo Kisesa tu, ukitaka kujua Wasukuma walikuwa wanachonga nini na kupamba nini.

Picha iliyonikamata ilikuwa chumbani kwetu, juu ya kitanda cha mama. Ziwa usiku, jeusi tii, mitumbwi ya dagaa imewasha karabai, na mwanga wake umemwagika majini kama mafuta ya mawese. Mama aliisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa. Rangi ya njano juu ya nyeusi aliiona vizuri kuliko sura yangu. "Karabai hizi," akasema. Kisha akaweka kidole kwenye kona ya juu. "Na huu ni mwezi?" Nikamwambia ndiyo. "Basi aliyechora si mvuvi. Mwezi ukiwa mkubwa hivi dagaa huwapati, wavuvi wamelala nyumbani."

Nilitaka kumjua mchoraji, japo nimpe salamu za mama. Hakuna kikaratasi ukutani, nyuma ya fremu hakuna kitu. Mapokezi wakasema ni msanii wa hapa hapa. Msimamizi wa zamu akasema huenda ni wa Musoma. Hiyo ndiyo lawama yangu kubwa. Unauza chumba kwa jina la sanaa, na bei umeipandisha kwa sababu hiyo hiyo, halafu aliyeifanya hajulikani hata jina!

Chumba chenyewe kinapendeza. Wakati wa kujenga hawakulivunja jiwe walilolikuta, wameliacha limeingia bafuni kama bega la tembo, na ukioga unaweza kuliegemea, lina ubaridi wa mtungi. Dirishani asubuhi tulikuwa na mgeni, mjusi wa kwenye mawe, kichwa na mabega rangi ya waridi, huku nyuma kote bluu. Wataalamu wanamwita Agama mwanzae, kwa heshima ya mji. Huyo naye ni sanaa, tena hana gharama.

Taa sasa. Wametengeneza taa kwa migono ya kuvulia samaki. Vivuli vyake ukutani vinapendeza sana, lakini mwanga wenyewe haukutoshi hata kutafuta ndala. Na kati ya kitanda na bafu kuna vidaraja viwili vya ngazi visivyo na alama yoyote. Usiku wa kwanza mama alijikwaa, akajishika kwenye pazia, na pazia likashuka naye. Hakuumia, Mungu mkubwa. Usiku wa pili niliacha simu imewaka tochi sakafuni. Kama una mzee, omba chumba cha chini.

Sato wa kuchoma alichukua saa nzima na dakika kumi, elfu thelathini na tano, ila alikuwa mbichi wa siku hiyo na alistahili. Chai ya asubuhi ni soseji na mikate. Mama aliomba uji, wakaukoroga bila kununa, akaunywa na matobolwa yake, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, aliyokuja nayo kwenye mkoba. Waifai inashika mapokezi tu. Jioni zima taa za kibarazani na funga madirisha mapema, maana wale wadudu wa ziwani wakija wanakuja kama moshi. Ukishafunga, kaa hapo kwenye kioo utazame jua likizama upande wa pili wa ghuba. Sisi tulikaa jioni zote mbili, mama akiniuliza sasa limekuwa rangi gani.

Siku ya kuondoka nilimweleza meneja habari ya vidaraja na ya majina ya wasanii. Vidaraja akaviandika. Majina akasema atafuatilia.

Kwenye teksi ya kwenda Bugando mama alikuwa kimya mpaka tulipoanza kupanda kilima.

"Vile vinu," akasema, "hawaviuzi? Changu kimepasuka."