Saiwa: Matembezi ya Kinamasini kwa Mwenye Magoti Mabovu

Mama yangu ana umri wa miaka 71, na tangu magoti yaanze kumsumbua amekuwa akikataa kila safari ninayompendekezea. Simlaumu, kwa sababu ukimwuliza mtu wa huku magharibi mwa Kenya akuelekeze mahali pazuri pa kutembea, atakutajia Mlima Elgon, au kile kilima cha Lirhanda katika msitu wa Kakamega, na kote huko ni kupanda. Nilipomwambia kwamba katika Hifadhi ya Taifa ya Saiwa njia karibu yote ni tambarare, na kwamba sehemu kubwa ya kinamasi huvukwa juu ya mbao, alikubali kwa masharti kwamba hakuna atakayemharakisha. Tulikwenda mara mbili katika muda wa siku mbili, na ninayoyaandika hapa yametokana na tofauti kubwa niliyoiona kati ya siku hizo.

Saiwa iko katika kaunti ya Trans Nzoia, kilomita zipatazo 22 kutoka Kitale, ukifuata barabara ya Kapenguria kisha ukakata kuelekea Kipsaina. Ni hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, yenye ukubwa wa takriban kilomita 3 za mraba, na ilitengwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja hasa, yaani nzohe, swala anayeishi kwenye vinamasi. Magari hayaingii ndani. Kila mgeni, awe amefika kwa basi au kwa gari lake la kifahari, huliacha langoni na kutembea kwa miguu, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo linaloipa Saiwa utulivu usiopatikana katika mbuga kubwa, ambako mara nyingi unamsikia dereva kuliko ndege.

Siku ya kwanza ilituharibikia. Kampuni ya usafiri tuliyoikodi Kisumu ilituahidi kwamba gari lingetuchukua kwenye nyumba ya wageni mjini Kitale saa kumi na moja alfajiri, lakini dereva alifika saa mbili na robo, bila kupiga simu wala kuomba radhi. Tulipoingia hifadhini jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Tuliwaona mbega juu ya miti na ndege wengi, lakini nzohe hata mmoja hatukumwona, kwa kuwa mnyama huyu hula mapema asubuhi na jioni, na mchana hujificha katikati ya matete. Nilisikitika sana, si kwa sababu ya fedha tu, bali kwa sababu nilimwona mama akijikaza kuficha kwamba amevunjika moyo.

Jioni ile tulitafuta teksi ya pale pale Kitale, na kesho yake saa kumi na mbili na dakika chache tulikuwa langoni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kinamasi kiasi kwamba mashamba ya mahindi ya upande wa pili hayakuonekana. Kijia kinaanzia chini ya miti, kisha kinageuka kuwa daraja refu la mbao lililoinuliwa juu ya maji na matope. Mbao hizo huteleza zikiwa na umande, kwa hiyo mama alivaa viatu vya mpira vyenye soli yenye meno na kushika fimbo, na mwongoza wageni wetu alitangulia hatua mbili tu mbele yake. Chini yetu maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na kila hatua ilifanya vyura wanyamaze upande mmoja na kuendelea upande mwingine.

Tulikuwa tumefika katikati ya daraja mwongozaji aliposimama na kunong'ona, akimwita mama "bibi" kwa Kiluhya, "Kukhu, usisonge. Tazama kushoto, pale matete yanapotikisika." Mama akamjibu kwa sauti ya chini kwamba amekwisha kumwona. Alikuwa nzohe jike, mwekundu wa kahawia, amesimama maji yakimfika tumboni, akitafuna majani huku matone yakidondoka kutoka mdomoni. Alipoinua mguu nikaona kwato zake: ndefu, nyembamba na zilizotanuka, na ndizo zinazomwezesha kukanyaga matope na mimea inayoelea bila kuzama. Manyoya yake yana mafuta yanayozuia maji. Mwongozaji alitueleza kwamba akishtuka huweza kujizamisha akabakiza pua tu juu ya maji. Huyu wetu hakushtuka. Alitutazama kwa muda mrefu, masikio yakimcheza, kisha akaingia matetini polepole hadi tukabaki tukiangalia ncha za matete zikitikisika kumfuata alikokwenda.

Baada ya hapo njia inaambaa ukingo wa msitu, na hapo ndipo tulipomwona kalasinga, tumbili mwenye ndevu ndefu nyeupe na paji la rangi ya machungwa, ambaye katika Kenya huonekana sehemu chache tu. Akihisi hatari hutulia kabisa asijitikise, kwa hiyo ni rahisi sana kumpita bila kujua. Bila mwongozaji tusingemwona, na kwa sababu hiyo ninashauri kila mgeni amlipe mwongozaji hata kama anadhani njia anaijua. Kuna pia minara ya mbao ya kutazamia kinamasi kutoka juu. Mama hakupanda wowote. Mimi nilipanda mmoja, na ingawa mandhari yake yanapendeza, sioni kwamba alipoteza kitu kikubwa kwa kubaki chini.

Tulitembea kwa takriban saa tatu, tukipumzika kila alipotaka. Jambo lililonigusa zaidi, kama mkaazi wa Kisumu, ni kwamba maji haya yanaishia kwenye bonde la mto Nzoia na hatimaye katika Ziwa Victoria letu. Mashamba yamekizunguka kinamasi pande zote, na udongo unaosombwa na mvua hunaswa na matete haya kabla haujafika mbali. Ninatamani kila shule ya kando ya ziwa ilete wanafunzi wake hapa.

Kwa anayekusudia kwenda, malipo ya kiingilio hufanywa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, hivyo hakikisha simu ina chaji na salio kabla ya kuondoka Kitale. Beba maji, koti jepesi kwa sababu mahali hapa pako zaidi ya meta 1,800 juu ya usawa wa bahari na alfajiri pana baridi, na darubini ikiwa unayo. Anayetumia kiti cha magurudumu aulize kwanza hali ya njia, kwani mbao ni nyembamba mahali kadhaa. Na gari la kukufikisha likodi Kitale, kwa mtu anayelala karibu, ili saa kumi na mbili kamili ikukute langoni.