Ruta Nzuri, Kitufe Kibaya: Zima WPS Kabla Hujagusa Kitu Kingine

Haya, kabla hata ya salamu, hebu tazameni hapa nyuma ya ruta. Ngoja kamera ikae vizuri... hapo. Mnakiona hiki kitufe kidogo kilichoandikwa WPS, cha kuingiza kifaa kwenye Wi-Fi bila kuandika nenosiri? Basi hiki ndicho kimenifanya nitupilie mbali video niliyokuwa nimeandaa kuhusu ruta hii, nikaanza upya nikiwa nimenuna. Karibuni wadau. Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza hapa, kazi yetu ni kufungua vifaa. Kikistahili sifa tunakisifu, kikituudhi tunakisema.

Jina la kampuni sitalitaja. Nikilitaja utasema, "Aa, mimi yangu ni nyingine," ufunge video, na nina hakika kubwa kwamba na yako ina kitufe hiki. Kwa hiyo kaa hapo, na ikiwezekana kaigeuze yako uitazame.

Sifa za kwenye boksi nazipita mbio. Wi-Fi 6, masafa mawili, antena nne, matundu ya kebo yapo ya kutosha. Mnazijua hizo. Mnaotaka vipimo vya kasi, najua mtanilaumu kwenye komenti, vina video yake wiki ijayo. Leo ni kuisimika na kuilinda.

Umechomeka, taa zimetulia. Simu yako unaiunganisha kwa jina na nenosiri lililo kwenye stika ya chini. Fungua kivinjari, andika 192.168.1.1. Ikigoma, 192.168.0.1. Ikigoma na hiyo, soma stika, anwani imeandikwa palepale. Sasa inakuomba nenosiri la msimamizi, na hapa lazima niseme ukweli, wamefanya vizuri: haikuruhusu kupita na "admin". Naandika admin, tazama... imekataa, rangi nyekundu. Safi kabisa. Maana mwaka 2016 ile programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizoa kamera na ruta za watu kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na manenosiri ya kiwandani, hakuna uchawi mwingine. Oktoba mwaka huohuo vifaa hivyo vikatumiwa kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikizielekeza kompyuta za watu zilipo tovuti, na watu wengi wakawa wanafungua Twitter na Netflix hazifunguki. Uingereza tangu Aprili 2024 ina sheria inayokataza kabisa kuuza vifaa vya namna hii vikiwa na nenosiri jepesi la kiwandani linalofanana kwa vyote. Wamechelewa, ila wamefika.

Na msichanganye: hili la msimamizi ni la kuingilia ndani ya ruta. Lile la Wi-Fi ni la kujiunga na mtandao. Ni mawili, na yasifanane. Mgeni ukimpa la Wi-Fi hujampa usukani.

Wengine mtaniuliza, kwa nini natumia kivinjari na si programu yao ya simu? Kwa sababu programu yao inataka barua pepe, inataka ifahamu uko wapi, inataka nikubali matangazo, na nikishakubali yote hayo inaniambia kwamba kuwapangia watoto muda wa intaneti ni huduma ya kulipia kila mwezi. Jamani! Nimenunua kifaa, nimelipa, tumemalizana. Yule mshindani wake, ile nyeupe ya duara tuliyoichambua kipindi kilichopita, kwa hili yuko mbele: muda wa watoto unapanga bure, milele. Nilimponda sana kwa sababu ya matundu machache ya kebo, na bado ni machache, ila leo namkumbuka kwa mema.

Turudi. Jina la mtandao. Libadilishe, na si kwa ajili ya mbwembwe. Kwenye WPA2, aina ya ulinzi wa Wi-Fi iliyozoeleka, nenosiri lako huchanganywa na jina la mtandao, linasagwa mara 4,096, ndipo ufunguo unapatikana. Sasa kwa majina ya kiwandani yaliyozoeleka kuna watu walishasaga manenosiri mengi mapema, wana majedwali tayari, wanakuja kulinganisha tu. Ukiweka jina lako la kipekee, majedwali hayo hayawafai. Ila usiweke jina lako kamili wala namba ya nyumba. Na wale wa "mimi nimelificha jina lisionekane", mtandao bado unasikika hewani, na simu yako ndiyo inabaki kulitaja jina hilo kila uendako ikiutafuta. Liache lionekane.

Aina ya ulinzi: chagua WPA3. Kama una kifaa cha zamani kinachogoma, chagua ile ya mchanganyiko, WPA2 na WPA3 pamoja. Tofauti yake kubwa ni hii. Kwenye WPA2, ambayo ni ya 2004, mtu ananasa mazungumzo ya simu yako na ruta, anaondoka nayo, anaenda kubahatisha nenosiri kwake usiku kucha bila wewe kujua. WPA3, iliyotangazwa 2018, inamlazimisha kila anapobahatisha aje kuiuliza ruta yenyewe. Hapo tu kasi yake imekufa. Nenosiri liwe refu. WPA2 inapokea kuanzia herufi 8 hadi 63, kwa hiyo nafasi unayo. Maneno manne matano yasiyohusiana yanatosha, tena utayakumbuka.

Sasa. Tumeweka nenosiri refu, tumebadilisha jina, tuko sawa, siyo? Hapana. Twende kwenye hicho kitufe.

WPS ililetwa ili usisumbuke kuandika nenosiri. Ina njia mbili. Ya kwanza ni kubonyeza: ukibonyeza, kwa dakika 2 kifaa kinachoomba kinaingia. Hiyo haininyimi usingizi sana, mtu lazima aifikie ruta. Ya pili ni PIN. Hii hapa kwenye stika, nimeifunika kwa gundi ya karatasi. Tarakimu 8. Na ruta hii imetoka kiwandani PIN ikiwa imewashwa. Imewashwa! Wakati admin wameikataa kwa rangi nyekundu!

Leteni ubao. Tarakimu 8 maana yake michanganyiko milioni 100. Mtu anasema, nani atajaribu milioni 100? Subiri. Naandika 1234567, nafasi ya nane naiacha wazi. Tarakimu ya nane si siri, inakokotolewa kutoka kwenye hizi saba. Ya kwanza zidisha kwa 3, ya pili iache, ya tatu kwa 3, ya nne iache, hivyo hivyo hadi mwisho. Napata 3, 2, 9, 4, 15, 6, 21. Jumlisha: 60. Imepungua ngapi kufikia kumi kamili inayofuata? Haijapungua kitu, tayari ni kumi sita kamili. Kwa hiyo ya nane ni 0, na PIN nzima ni 12345670. Umeona? Ya nane nimeipata bila kumuuliza mtu. Kwa hiyo milioni 100 imeshuka hadi milioni 10.

Bado ni nyingi, sawa. Sasa ndipo penye aibu. Ruta haikagui tarakimu zote kwa pamoja. Inakagua nne za kwanza, zikiwa na kosa inakata mazungumzo palepale. Ikiendelea, basi umeshajua nne za kwanza ni sahihi! Imekuambia yenyewe. Kwa hiyo unajaribu nne: michanganyiko 10,000. Ukizipata, zimebaki tatu, maana ya nane tunaikokotoa: 1,000. Jumla 11,000. Tulianza na milioni 100, wadau, tumefika elfu kumi na moja. Kila jaribio likichukua sekunde 3, ni sekunde 33,000, yaani saa 9 na dakika 10, hata ukiwa na bahati mbaya ya kupata kwenye jaribio la mwisho kabisa. Hili si jipya, mtafiti wa usalama Stefan Viehböck alilianika hadharani Desemba 2011. Mwaka 2011! Na mimi leo nafungua boksi jipya, plastiki haijabanduliwa, nakikuta kitu kilekile kimewashwa.

Najua kuna mtaalamu anaandika sasa hivi: "Ruta za siku hizi zinajifunga PIN ikikosewa mara kadhaa." Kweli, na hii inajifunga. Halafu baada ya muda inajifungua yenyewe. Mvumilivu hula mbivu, hata akiwa mwizi.

Tazameni kinachonikera kuliko hesabu. Laptopu hii sijawahi kuipa nenosiri la Wi-Fi. Ruta ni yangu, laptopu ni yangu. Msiende kujaribu kwa jirani, ni kosa la kisheria na mimi nitawakana. Naipa PIN tu. Inazungumza na ruta... inazungumza... haya, imeingia. Angalia kioo: ruta imeikabidhi nenosiri la Wi-Fi lote, limeandikwa hapo, linasomeka. Sasa najifanya nimeshtuka. Naingia kwenye mipangilio, nabadilisha nenosiri, naweka refu la ajabu. Hifadhi. Laptopu imetupwa nje. Napumua. Halafu narudia PIN ileile, maana PIN haijabadilika... na hilo hapo nenosiri jipya, herufi kwa herufi. Umebadilisha kitasa, ufunguo wa akiba unaning'inia dirishani palepale.

Na nani anaitumia hii PIN? iPhone haijawahi kuwa na WPS. Android za miaka ya karibuni zimeiondoa. Imebaki kwa printa za zamani. Kwa ajili ya printa moja ambayo wino wake umekauka, nyumba nzima iko wazi.

Kuzima: mipangilio ya juu, Wi-Fi, teremka, teremka tena, pita hapa penye nguvu za antena ambapo hakuna mtu hufika, WPS hii hapa. Zima. Mmeshangilia? Angalieni pembeni kuna kichupo kingine: nimezima kwa masafa ya 5 GHz tu, kwenye 2.4 bado imewaka. Sehemu mbili, swichi mbili, hakuna mahali walipoandika. Zima na hiyo. Kwenye ruta nyingi ukichagua WPA3 tupu, WPS inazimika yenyewe kwa sababu haviendi pamoja, ila thibitisha kwa macho.

Ngoja ninywe maji. Tangazo dogo: lile swali la kura kuhusu tufanye vipaza sauti au kamera za mlangoni, kamera zimeshinda, vifaa viko njiani. Kama hujasabskraibu, unajua pa kubofya.

Sasa nishushe hasira, maana kuna kitu hapa nimekipenda na sitaki kukidhulumu. Mtandao wa wageni. Unawasha kwa swichi moja, unaupa jina na nenosiri lake, na unaweza kuupangia muda ukajizima wenyewe. Nimeiingiza laptopu kwenye mtandao wa wageni, najaribu kuiita printa iliyo kwenye mtandao mkuu... kimya. Haijibu. Najaribu kufungua ukurasa wa ruta yenyewe, 192.168.1.1... hakuna. Intaneti? Inakwenda vizuri tu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Na msiufanye wa wageni wenye miguu peke yao. Wekeni humo taa za kisasa, televisheni, ile mizani ya bafuni inayotaka Wi-Fi kwa sababu anazozijua aliyeitengeneza. Vifaa hivyo havipati maboresho ya usalama mara kwa mara, kikivamiwa kimoja kibaki peke yake huko. Hasara yake ni kwamba simu iliyo kwenye mtandao mkuu huenda isiweze kurusha video kwenye televisheni iliyo kwa wageni. Kwangu si tatizo. Kwako, chagua.

Kwa kweli kwa mtandao huu wa wageni nilikuwa nimeanza kuisamehe. Hadi nilipobofya kusasisha programu yake. Ikapakua, ikajizima, ikawaka. Nikasema nipitie mipangilio. Jina lipo, WPA3 ipo, wageni wapo, na WPS... imewaka. Imejiwasha! Nimeandikia huduma kwa wateja, jibu lao: "Ni kwa ajili ya urahisi wa mteja." Mteja ndiye huyu anayelalamika! Msiache kusasisha kwa sababu hiyo, matundu ya usalama yanazibwa kwa masasisho. Ila kila ikisasishwa, ingia, kagua swichi zote mbili.

Vilivyobaki ni vya haraka. Usimamizi kutoka nje, uzime; huna sababu ya kuifungulia ruta mlango wa intaneti nzima. UPnP, kama huchezi magemu ya mtandaoni, zima, maana inaruhusu kifaa chochote cha ndani kujifungulia njia bila kukuuliza. Masafa: 5 GHz ni ya kasi lakini ukuta unaimaliza, 2.4 inafika mbali ila imejaa majirani, kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, hizo haziingiliani.

Ninunue au nisinunue? Kwa anayejua kuingia kwenye mipangilio, ni ruta nzuri, mawimbi yake yamefika kila chumba. Kumnunulia mzazi anayechomeka na kuondoka, hapana, mpelekee ile nyeupe ya duara, yenyewe haina WPS kabisa. Wenye printa za zamani zinazokataa WPA3, andikeni aina yake kwenye komenti nizikusanye. Andikeni, nimesema, msitume picha za ruta zenu. Jana nimefuta picha ya mtu, stika nzima inasomeka, PIN na nenosiri na kila kitu.