Empower ya Ottobock: mguu wa betri katika visiwa vya kuvua viatu

Mguu wa bandia wa kaboni hurudisha sehemu tu ya nguvu uliyoukanyagia. Empower, mguu wa bandia wa kampuni ya Kijerumani ya Ottobock, umetiwa mota, springi na betri, nao husukuma mwili mbele kisigino kinaponyanyuka, kazi ambayo mguu wa nyama huifanya kwa kigimbi. Chimbuko lake ni kazi za Hugh Herr wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, ambaye mwenyewe amekatwa miguu yote miwili chini ya goti. Kampuni iliyoutengeneza, BionX, ilinunuliwa na Ottobock 2017. Msukumo ule ni wa kweli. Atokaye bandarini Mkoani, Pemba, na kupanda kilima kwenda mjini ndiye atakayeufaidi khasa.

Lakini kwanza chukua futi. Mguu una takriban kilo 2 na urefu wa kama sentimita 22 kutoka chini hadi unapounganishwa, na juu yake inahitajika nafasi ya kiungio na kitako cha soketi, yaani kikombe kinachovaliwa kwenye kisiki, sehemu ya mguu iliyobaki chini ya goti. Mwenye kisiki kirefu haumwingii, na hilo halirekebishiki. Uzito huo pia huvuta soketi kila hatua. Ikiwa kisiki kinacheza ndani, msukumo wa mota utaishia kwenye ngozi badala ya kumpeleka mtu mbele. Soketi iliyolegea itengenezwe upya kabla mguu haujafungwa.

Mpangilio huanzia mezani, kwa timazi. Kiatu atakachovaa mwenyewe kiwemo mguuni. Soketi huinamishwa mbele digrii 5 hivi, vidole vikatazama nje digrii 5 hadi 7, na ukitazama kwa mbele kati ya unyayo huingia ndani kiasi cha milimita 12 kutoka kati ya soketi. Akishasimama, pima maji iwekwe kiunoni na upungufu wa urefu ujazwe kwa vibao vyembamba chini ya mguu mpaka nyonga zilingane.

Anapoanza kutembea, nguvu ya mota iwe chini kabisa. Mafundi wengi hukosea hapa: wanaiwasha mapema, mtu anatembea vizuri, kumbe mota inaficha kosa la pembe. Goti likikunjika ghafla kisigino kinapogusa chini, unyayo umekunjwa juu mno au umekaa nyuma mno. Goti likirudishwa nyuma, ni kinyume chake. Haya yatibiwe kwa skrubu, si kwa programu. Piramidi, kiungio kinachounganisha mguu na soketi, ina skrubu 4: kubadili pembe, legeza moja na kaza inayotazamana nayo; kuufungua mguu bila kupoteza pembe, legeza mbili zilizo jirani tu. Mwisho zitiwe gundi ya skrubu na kukazwa kwa spana yenye kipimo. Piramidi nyingi za Ottobock hutaka nyutonimita 15, ila fuata karatasi ya kiungio ulicho nacho. Kukaza kwa kukisia mkono ndiko kunakoleta mlio wa kukwaruza baada ya wiki chache.

Baada ya hapo ndipo nguvu iongezwe kidogo kidogo, kwa mwendo wa kawaida, wa pole na wa haraka. Msukumo ukiwahi, mtu hurushwa juu na goti hukunjika. Ukichelewa, uzito umeshahamia mguu wa pili na betri inaliwa bure. Kila baada ya dakika 15 vua soketi, tazama ngozi.

Sasa viatu, jambo ambalo huku Zanzibar lina uzito kuliko mota yenyewe. Kiatu ambacho kisigino chake kimezidi unene wa mbele kwa milimita 10, ukikivua, muundi hulala nyuma kiasi cha digrii 3. Ni kidogo kwa macho, lakini goti hulihisi papo hapo, na mota huzidi kulisukuma kombo. Kwa mtu anayevua viatu mlangoni, msikitini na skuli, mpangilio ufanywe kwa makubazi yaliyo sawa chini. Akishikilia kiatu cha kisigino, basi ndani ya nyumba avae soksi iliyoshonewa kipande cha mpira cha unene uleule chini ya kisigino. Fundi asiyeuliza habari za viatu siku ya kwanza hajamaliza kazi yake.

Maji ni mpaka wa mguu huu. Usiingie nao baharini wala bafuni, na kwenye mabomba ya kutilia udhu uvuliwe au ufunikwe vizuri. Mchanga huingia kwenye ganda la unyayo, na hewa ya chumvi hula vichwa vya skrubu. Ganda livuliwe na kufutwa kwa kitambaa kikavu kila wiki. Betri huchomolewa kuchajiwa, hivyo uwe na ya akiba siku umeme unapokatika. Ikiisha njiani utafika, ila unakokota kilo 2 zisizokusaidia.

Utafiti wa 2012 wa watu 7 ulionesha mguu wa aina hii ukipunguza nguvu anayoitumia mtu kutembea hadi kukaribia ya asiyekatwa, ila tafiti za baadaye hazikuipata nafuu hiyo kwa kila mtu. Kwa mwalimu, mfanyabiashara wa Darajani au mfanyakazi wa ofisini atembeaye sana, mwenye kisiki kifupi kiasi na fundi wa kumrudia, tunaukubali. Kwa mkulima wa mwani wa Paje au mvuvi, hapana: mguu wa kawaida unaovumilia maji utamtumikia vizuri zaidi.