GTX 1660 Super au RX 580: ipi uiweke kwenye kompyuta yako?

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama kadi hizi mbili za grafiki, GTX ya Nvidia na RX ya AMD, ziko mezani, zote nzima, na tofauti ya bei haizidi robo, chukua GTX 1660 Super. Ikizidi hapo, RX 580 ya GB 8 inaanza kuwa na mantiki. Ila kama mashine yako ni ile ya ofisini iliyokuja kwenye kontena, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, usitoe pesa kabla hujafika kwenye sehemu ya pawa saplai hapa chini.

Ukizitazama kwa bei za kuzaliwa, hizi ni pacha: RX 580 ya GB 8 ilitoka Aprili 2017 kwa dola 229, na 1660 Super ikatoka Oktoba 2019 kwa dola 229 hizohizo. Miaka miwili na nusu iliyopita katikati ndiyo unayoiona kwenye skrini. Ukicheza gemu kwa 1080p (Full HD), 1660 Super hutangulia kwa robo hivi, mara nyingine hadi theluthi. Pale RX 580 inapotoa fremu 50 kwa sekunde, mwenzake atakupa 62 au 66. Ndiyo maana nimesema robo: ukiambiwa ulipe nusu zaidi kwa ajili ya 1660 Super, unalipia jina.

Kwa GTA V usijisumbue kulinganisha, zote zinaimudu vizuri kabisa. Na kama prosesa yako ni i5 ya kizazi cha tatu au cha nne, tofauti niliyoitaja itapungua zaidi, maana kadi itakuwa inamsubiri prosesa amalize hesabu zake.

RX 580 ina hoja moja nzito, nayo ni memori. GB 8 dhidi ya 6. Memori ya 1660 Super ni ya kisasa zaidi, GDDR6, inapitisha GB 336 kwa sekunde wakati ile ya RX 580 inapitisha 256. Lakini kasi haisaidii ikiwa ndoo imejaa. Kwenye gemu mpya, ukiweka tekscha za juu, GB 6 zinaisha na picha inaanza kukwamakwama, huku RX 580 ikiendelea taratibu bila kelele. Kama wewe ni mtu wa gemu mpya zenye mandhari kubwa na bajeti ndiyo hiyo, sitakubishia ukiichukua. Ila iwe ya GB 8. Ya GB 4 iache ilipo.

Kwa kazi, hakuna ushindani. Anayehariri video za harusi anajua uchungu wa kurenda (kutoa faili la mwisho) saa sita usiku huku bibi harusi anapiga simu. Chipu ya 1660 Super ina sehemu maalumu ya kusimba video, NVENC ya kizazi cha Turing, na picha inayotoka ni safi kuliko ya RX 580 kwa ukubwa uleule wa faili. Wa Blender, programu ya picha za 3D, ndio kabisa: tangu toleo la 3.0, Desemba 2021, injini yake ya kurenda, Cycles, iliacha OpenCL, njia iliyotumiwa na kadi za AMD, na RX 580 ikabaki nje. Itakuonyesha kazi yako kwenye dirisha, ila kurenda itamwachia prosesa. Nimeona mtu akinunua RX 580 kwa ajili ya Blender kwa sababu "ina GB nyingi". Nilimwonea huruma.

Halafu kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla. RX 580 imepangiwa wati 185, 1660 Super wati 125. Tofauti ni wati 60. Kwa saa tano kila siku hizo ni uniti 9 kwa mwezi. Kwa aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilotakiwa kuzidi uniti 75, uniti 9 zinaweza kumtoa. Na joto hilo lote linatoka kwenye kesi na kuingia chumbani. Anayeishi Dar au Mombasa ananielewa.

Sasa hatari yenyewe, maana hizi karibu zote utazikuta za mtumba. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, Septemba 2022, wachimbaji wakamwaga kadi zao sokoni, na hizi mbili zilikuwa kipenzi chao. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, ila usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mimi nilipigwa hivi: boksi limeandikwa RX 580, stika ya kadi RX 580, nikalipa. Kufika nyumbani nikafungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, kwenye mstari wa Shaders, yaani viini vya hesabu vya kadi, naona 2048. RX 580 kamili ina 2304. Ile ni RX 580 2048SP, toleo lililotolewa kwa soko la China mwaka 2018, ambalo kwa idadi hiyo ni RX 570 iliyovaa koti la kaka yake. Nikarudi dukani. "Kaka, si imeandikwa 580?" Na kweli imeandikwa.

Kwa hiyo GPU-Z iwe kwenye flashi yako, na uifungue kabla ya kulipa. Kadi ya Nvidia iliyobadilishwa jina itajitokeza na neno FAKE mbele ya jina lake. Kwa 1660 Super, hakikisha Shaders ni 1408 na memori ni GDDR6. Ikisoma GDDR5 hiyo ni 1660 ya kawaida, ambayo wauzaji wengi huichanganya na Super, wengine kwa kutojua, wengine kwa kujua sana.

Kisha igeuze kadi. Tazama vichwa vya skrubu: vikiwa vimechubuka, imeshafunguliwa. Tazama bati la nyuma: kutu hiyo ni ya unyevu. Mafuta yanayong'aa pembeni mwa heatsinki yametoka kwenye pedi za joto zilizochoka. Zungusha feni kwa kidole, isiyumbe. Mwisho iwashie FurMark, programu ya kuipa kadi mzigo mzito, robo saa. Joto likipita nyuzi 85 huku feni zinaunguruma, pesti ya joto kati ya chipu na heatsinki imekauka, dai punguzo. Vikitokea vidoti vya rangi kwenye skrini, mrudishie kadi yake, mshukuru, ondoka.

Pawa saplai, kama nilivyoahidi. Nvidia inashauri wati 450 kwa 1660 Super, AMD wati 500 kwa RX 580. OptiPlex 7010 ya kesi ndefu ina wati 275 tu, na waya wa pini 8 unaohitajika haumo. Wapo mafundi watakaokuunganishia waya wa SATA kwenda pini 8. Usikubali, plagi ya SATA haikutengenezwa kubeba mzigo huo na inayeyuka. Kwa mashine hiyo namba moja ni GTX 1650, toleo lisilo na soketi ya umeme, linalojitosheleza kwa wati 75 za kwenye slotu ya ubao. Kama kesi ni ile nyembamba, tafuta ya kimo kifupi.

Ukiongeza pesa kidogo, RX 6600 ya 2021 inazipita zote hizi: GB 8, wati 132, na inaiacha 1660 Super kwa zaidi ya theluthi. Ningekuwa na pesa hiyo nisingeandika haya yote. Ila usidanganywe na namba ukachukua RX 6500 XT. Ina njia nne tu za PCIe, yaani za kupitisha data kati ya kadi na ubao, kwenye ubao wa zamani inakabwa koo, na haisimbi video kabisa.

Jambo la mwisho kabla hujatoka dukani: tazama nyuma ya monita yako. Kama ina VGA peke yake, hakuna kati ya kadi hizi mbili yenye tundu hilo, na kile kiungo cha bei poa cha DVI kwenda VGA hakitaingia. Nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kijaribu hapohapo.