ThinkPad T430 ya mtumba: miezi minne ya kukompaili nayo Sinza

Muuzaji wa Kariakoo alichukua laki tatu na nusu yangu, akanipa Lenovo ThinkPad T430 yenye i5, RAM ya GB 4, na kiapo kwamba betri inakaa saa tatu. Ilikaa dakika kumi na moja. Sikurudi kugombana, mtumba ni mtumba. Kibodi yake lakini naisifu mpaka leo.

Kazi yangu ni ramani, kwa hiyo niliweka Slackware 15.0 (mfumo endeshi wa Linux) nikaanza kujenga GDAL, maktaba ya kusoma data za ramani, kutoka msimbo chanzo, yaani kuikompaili. Slackware ni kwa ubahili wa bando: ukiiweka nzima, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu) na faili za heda inazozihitaji zinakuja humohumo, huanzi kusaka vifurushi vya "-dev" kimoja kimoja kama kule Debian, Linux nyingine.

Mara ya kwanza niliandika make -j4, amri ya kujenga kwa kazi nne sambamba, kwa vile mashine inaonyesha CPU nne. Haikupita nusu saa ikafa: "Killed signal terminated program cc1plus", yaani kompaila ya C++ imeuawa. Nikaulaumu msimbo, nikaupakua upya, bando likaisha. Kumbe jibu lilikuwa kwenye dmesg, ujumbe wa kerneli (kiini cha mfumo): RAM imejaa, kerneli imemuua mlaji mkubwa. Kompaila nne za C++ ndani ya GB 4, na kivinjari nimekiacha wazi! Nikashuka hadi -j2. Ikatambaa kama daladala la Mbagala jioni, ila ikafika.

Kilichonitoa jasho hasa ni saa ya mashine. Siku moja umeme wa LUKU uliisha katikati ya kazi. Kwa kawaida si msiba, maana make huangalia kilichokwisha kujengwa, ikaendelea na kilichobaki. Mashine ilipowaka ikaandika 0271, ikitaka nikague tarehe. Nikabonyeza nikapita (nani husoma vile?). Nikarekebisha mstari mmoja wa msimbo, nikaita make tena: eti hakuna cha kujenga. Chini yake, "Clock skew detected", yaani saa imepishana. Kijibetri cha saa kilikuwa kimekufa na tarehe imerudi nyuma miaka, basi faili nililohariri dakika ile lilionekana kuukuu kuliko lililojengwa jana yake. Make inalinganisha tarehe tu, yaliyomo haisomi.

Mdogo wangu alicheka sana: "Kaka, yaani kompyuta yako haijui leo ni lini?"

Fundi wa Makumbusho alinibadilishia kijibetri kwa elfu kumi. Ni CR2032, ila chenye waya. Kile cha kawaida cha dukani hakiingii hivihivi. Nafasi ya pili ya RAM ilikuwa tupu, nikachomeka GB 8, na sasa -j4 inamaliza bila kelele, ukiondoa feni.

Naipa 7 kati ya 10. Kioo cha pikseli 1366 kwa 768 kinabana ramani, na joto la Februari linaitesa. Ukienda kununua, chomoa chaja, toa betri, subiri kidogo, virudishe, kisha iwashe uangalie tarehe kabla hujatoa hela.