Kengele ya moshi ya nyumbani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Wengi wakitafuta kengele ya moshi wanaanza na bei wanamalizia na muonekano, kumbe swali ni moja tu: hiki kidude kitakuamsha saa nane usiku mlango wa chumba ukiwa umefungwa? Manake harufu ya moshi haiaminiki kumwamsha mtu, na ile hewa ya sumu ndo inazidi kukuzamisha usingizini. Kwa hiyo nazipanga kwa kigezo hicho.

Namba moja ni za fotoelektriki zinazounganishwa. Ndani kuna mwanga na sensa iliyokaa pembeni, moshi ukiingia unatawanya ule mwanga unafika kwenye sensa, king'ora kinalia. Hizi zinawahi kushika moto wa kufukuta, ule wa godoro au sofa unaotoa moshi mwingi muda mrefu kabla hujaona mwali. Kuunganishwa maana yake moja ikishika moshi sebuleni zinalia zote mpaka ya chumbani kwako, na hapo ndo hela inapofanya kazi, kwa sababu king'ora cha kawaida kinatoa desibeli 85 hivi ukiwa mita 3 lakini weka milango miwili katikati uone kinavyobaki. Zipo za waya na zipo za redio, nyumba ikishajengwa chukua za redio usianze kubomoa kuta. Ila nunua za kampuni moja na za aina inayoingiliana, ukichanganya mara nyingi hazitaongea.

Upande wa umeme, kama unajenga basi mwambie fundi apitishe waya, uchukue zinazotumia umeme wa nyumba zikiwa na betri ya akiba. Kama hujengi, chukua yenye betri ya litiamu iliyofungiwa humo humo ya miaka 10. Za betri ya kubadilisha sio mbaya, shida ni sisi, ikianza kulia "tii" kila baada ya muda kuomba betri mpya mtu anaing'oa anaitupa kabatini halafu basi tena.

Namba mbili ni fotoelektriki moja moja zisizounganishwa. Kwa chumba kimoja na sebule zinatosha kabisa, nyumba ya ghorofa hapana.

Namba tatu, zenye sensa mbili kwa pamoja. Kwenye karatasi zinavutia, ila uliza sensa ya pili ni ipi, kama ni ya ayoni basi inakuja na matatizo ya namba nne.

Namba nne, za ayoni peke yake, zenye chembe ya mionzi ya amerisiamu-241 ndani (kidogo mno, haidhuru ukiiacha ilivyo, usiifungue). Zinawahi moto wa miali mikali lakini moto wa kufukuta zinachelewa, tena zinapiga kelele kila ukikaanga kitu, na kengele inayokera mwisho wake ni kung'olewa. Mimi ningeziacha.

Za wifi zinazotuma ujumbe kwenye simu ni nyongeza nzuri kama unasafiri sana, ila mradi king'ora chake kinalia bila intaneti.

Jikoni usiweke ya moshi, weka ya joto, inalia hewa ikifika nyuzi 58 hivi na mvuke wa sufuria hauisumbui. Ila usiipeleke chumbani, ikisubiri joto hilo moshi umeshakumaliza. Na kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu isiyo na harufu, haigunduliwi na kengele ya moshi, hiyo ina kengele yake, nunua kama mna jiko au hita ya kuchoma kitu.

Idadi sasa. Kiwango cha Marekani, NFPA 72, kinataka moja kila chumba cha kulala, nje ya vyumba hivyo, na kila ghorofa. Scotland tangu Februari 2022 wanataka sebuleni, kila korido, na ya joto jikoni, zote zimeunganishwa. Cheki sheria ya kwako, na kama umepanga uliza kwanza, sehemu nyingine ni jukumu la mwenye nyumba kuziweka.

Kabla hujalipa geuza boksi utafute EN 14604 (kiwango cha Ulaya cha kengele za moshi) au UL 217 (cha Marekani), na tarehe ya kutengenezwa, manake sensa inahesabiwa miaka 10 kuanzia hapo, sio siku uliyoifunga darini. Ukiona ni ya bei ya kutupa mtandaoni soma maelezo vizuri, kuna zinazofanana kabisa kwa macho lakini ni sensa tupu za kuunganisha kwenye paneli ya jengo, hazina king'ora ndani, utaifunga darini na moshi ukija itawasha taa ndogo nyekundu tu.

Mzee asiyesikia vizuri mtafutie yenye sauti nzito ya hezi 520 au ya kutikisa mto, zile sauti nyembamba anaweza asizisikie kabisa.