Usafiri wa Italia kwa Wazee Wetu: Tathmini ya Treni, Basi na Gari la Kukodi

Wazee wengi wa Lubumbashi wanaofunga safari ya kwanza kwenda Italia huongozwa na jambo moja kati ya mawili: hija ya Roma na Assisi, au hamu ya kuiona Torino, mji alikoanzia kazi yake Mtakatifu Yohane Bosco, ambaye Wasalesiani, watawa wa shirika lake, wako kwetu tangu 1911 na wamewasomesha baba na babu zetu wengi. Ndege ya Ethiopian kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kupitia Addis Ababa, huwafikisha Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, bila matatizo makubwa. Kazi yenyewe huanza pale, kwa kuwa kutoka Roma hadi Torino ni karibu kilomita 700, Assisi iko juu ya kilima, nje ya njia kuu za reli, na msafiri ana umri wa miaka sabini, goti moja linamsumbua, na valizi yake imejaa zawadi za mapadri waliomfundisha.

Nimewasindikiza wazee wa namna hiyo, na katika tathmini hii ninapima kila chombo kwa kipimo kimoja: mzee atalazimika kushuka, kupanda na kubeba mzigo mara ngapi kabla hajafika kitandani? Kasi na bei nimeziweka nyuma ya swali hilo.

Kwa kipimo hicho treni za mwendo kasi zinashinda, tena kwa mbali. Ziko kampuni mbili: Trenitalia, ya serikali, ambayo treni zake huitwa Frecciarossa, na Italo, ya binafsi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2012. Treni za zote mbili hufika kilomita 300 kwa saa, na humtoa mtu Roma hadi Firenze kwa takriban saa moja na nusu, Milano kwa saa tatu hivi, Venezia kwa saa nne hivi na Torino kwa saa nne na ushei, bila kubadilisha treni ikiwa mnunuzi amechagua vizuri. Sharti hilo si dogo. Programu za simu huorodhesha pia safari zinazobadilisha treni njiani, na mjukuu aliyeko Kamalondo, huku Lubumbashi, anayemnunulia babu yake tiketi huvutiwa na bei pungufu bila kuutazama mstari unaotaja idadi ya mabadiliko. Pale Bologna, kwa mfano, majukwaa ya mwendo kasi, namba 16 hadi 19, yako chini ya ardhi, na anayehamia treni ya mkoa hupanda kwa lifti au ngazi za umeme, kisha huanza kutafuta jukwaa jingine huko juu. Kijana huimaliza kazi hiyo upesi; mzee asiyesoma Kiitaliano asipewe chini ya dakika arobaini, na afadhali asipewe kazi hiyo kabisa.

Kati ya kampuni hizo mbili sioni tofauti ya kugombania. Nikilazimika kuchagua, nitachukua Trenitalia, kwa sababu ndiyo inayoendesha pia treni za mikoa za kwenda Assisi, na familia ikizoea programu moja tu hupunguza makosa.

Viti vya Standard vya Frecciarossa na vya Smart vya Italo vimepangwa viwili kwa viwili, na kwa safari ya Firenze vinatosha kabisa. Kwa Torino ningeishauri familia iongeze pesa na kuchukua Business ya Frecciarossa au Prima ya Italo, ambako upande mmoja wa njia kuna kiti kimoja peke yake. Sisemi hivyo kwa ajili ya heshima, wala kinywaji kinacholetwa. Mzee anayekwenda chooni mara kwa mara atainuka bila kumwamsha jirani. Achaguliwe kiti kilicho karibu na mlango, ambako choo na rafu ya mizigo mikubwa haviko mbali. Viti vinne vinavyotazamana, vyenye meza katikati, huwafurahisha mume na mke wanaosafiri na wenzao, lakini magoti hugongana, na aliye dirishani huwa mfungwa hadi mwisho wa safari.

Kuna jambo la kuwaambia mapema. Reli za Firenze Santa Maria Novella huishia pale pale stesheni, kwa hiyo treni inayotoka Roma kwenda Bologna huingia kwa kichwa na kutoka kwa mkia, na aliyekuwa anatazama mbele hujikuta anakwenda kinyumenyume. Nimeona wazee wawili wakianza kukusanya mizigo, wakiamini kwamba wanarudishwa Roma, mpaka mwenzao, mstaafu wa SNCC, shirika la reli la Kongo, alipowaeleza kwa utulivu jinsi stesheni ya namna hiyo inavyofanya kazi. Mstaafu huyo ndiye abiria aliyefaidi kuliko sisi sote: alikagua reli pana ya milimita 1435, yetu ikiwa na 1067, na alitukumbusha kwamba kipande cha kwanza cha njia ya kasi ya Roma na Firenze kilifunguliwa 1977, wakati yeye akiwa kijana mgeni kazini. Baada ya Firenze, kuelekea Bologna, treni huingia mahandakini kwa karibu safari yote, kilomita 73 kati ya 78, na masikio huziba. Peremende ya kunyonya iwepo mfukoni.

Starehe ya siku nzima hupotea kwa urahisi zaidi stesheni kuliko ndani ya treni. Roma Termini, Santa Maria Novella, Venezia Santa Lucia na Torino Porta Nuova zote ni stesheni ambamo reli huishia, na majukwaa yake yako usawa mmoja na ukumbi: mzee hutembea moja kwa moja hadi kwenye behewa bila kupanda ngazi hata moja ya stesheni. Milano Centrale ni ya aina hiyo pia, ila reli zake ziko juu ya usawa wa barabara, kwa hiyo kuna kupanda kwa lifti au kwa njia za umeme za mteremko. Padova, Bologna na Assisi, ambako treni hupita na kuendelea, zina njia za chini ya reli za kuvukia. Kwa hiyo Torino mimi huchagua Porta Nuova, ingawa Porta Susa iko karibu zaidi na Valdocco, mtaa wa kazi ya Yohane Bosco. Majukwaa ya Porta Susa yako chini ya ardhi, na euro chache za ziada za taksi ni nafuu kuliko goti lililovimba.

Termini yenyewe ni kubwa mno. Majukwaa ya 1 Est na 2 Est, yanayotumiwa na baadhi ya treni za mikoa, yako mbali, mwisho kabisa wa jukwaa la kwanza, na asiyejua huikosa treni huku akiiona. Tena ubao wa safari huandika kituo cha mwisho: treni ya Firenze husomeka Milano Centrale, Torino Porta Nuova au Venezia Santa Lucia. Mzee ashike namba ya treni iliyo kwenye tiketi yake, na aandikiwe kwenye karatasi kwamba binario ni jukwaa, carrozza ni behewa, na posto ni kiti.

Huduma ninayoipa alama ya juu kuliko zote haiuzwi. Inaitwa Sala Blu, na hutolewa bure na RFI, shirika linalosimamia reli na stesheni, kwa abiria wa kampuni zote mbili. Wanaostahili si wenye ulemavu pekee, bali hata mzee anayetembea kwa shida. Mfanyakazi humpokea stesheni, humsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye behewa, humpandisha kwa mashine ya kuinulia ikihitajika, na kule anakofika mwingine humsubiri. Kasoro zake ni kwamba huombwa mapema kwa simu au mtandaoni, msafiri hutakiwa kufika muda mzuri kabla ya treni, na stesheni ndogo nyingi hazimo katika orodha. Kikwazo kikubwa zaidi, hata hivyo, kiko upande wetu: baba zetu huona aibu kusukumwa mbele ya watu. Nimegundua kwamba mama akikubali kwanza, baba hufuata, huku akidai kwamba anafanya hivyo ili asimwache mkewe peke yake.

Kuhusu tiketi nitasema machache. Super Economy ni ya bei ndogo lakini haibadilishwi wala hairudishiwi pesa, na ndege inayotoka mbali huweza kuchelewa. Kwa siku ya kuwasili inunuliwe Base, ambayo hubadilishwa. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima igongwe kwenye mashine ndogo kabla ya kupanda, vinginevyo faini hutozwa, na mvi si kinga.

Assisi hufikiwa kwa treni ya mkoa. Ziko zinazokwenda moja kwa moja kutoka Termini kwa muda wa saa mbili na ushei, na nyingine hubadilishwa Foligno. Zichukuliwe za moja kwa moja, hata kama maana yake ni kuamka mapema. Treni za mikoa hazina kiti kilichohifadhiwa, na mabehewa ya zamani yana vipandio vya juu. Stesheni iko bondeni, Santa Maria degli Angeli, karibu na basilika lenye Porziuncola, kikanisa cha Mtakatifu Fransisko, na mji wenyewe uko juu ya mlima. Basi la mji hupanda huko, lakini kwa wazee wenye mizigo ninapendelea taksi.

Mabasi ya mbali, kama FlixBus na Itabus, ni rahisi mfukoni, na kwa mwanafunzi sina neno nayo. Roma hadi Torino ni mchana mzima wa kukaa miguu imekunjwa, na mabasi ya Roma huondokea Tiburtina, mbali na Termini. Siyashauri. Magari ya kukodi ya kujiendeshea siyashauri kabisa: katikati ya miji ya zamani kuna maeneo yaitwayo ZTL ambamo magari ya wageni hayaruhusiwi, kamera hupiga picha namba ya gari, na barua ya faini hufuata baada ya wiki nyingi.

Kutoka Fiumicino, Leonardo Express huenda Termini bila kusimama kwa dakika 32, kwa euro 14 kila mtu. Ni treni nzuri, lakini wazee watatu au wanne wenye valizi wachukue taksi nyeupe rasmi, ambayo ina nauli maalumu kwa gari zima hadi ndani ya Kuta za Aureliano, kuta za kale zinazozunguka katikati ya Roma, na huwashusha mlangoni. Siku ya mgomo, ambayo Waitalia huiita sciopero na huitangaza mapema, treni za mikoa zinazohakikishwa siku za kazi ni za saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na za saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Safari ipangwe ndani ya saa hizo au isogezwe.

Gari lenye dereva ni ghali, na ninalitumia mahali pamoja tu. Colle Don Bosco, alikozaliwa mtakatifu huyo mwaka 1815, iko kilomita 30 hivi kutoka Torino, mashambani, ambako treni haifiki mlangoni. Kundi la watu sita au saba likikodi gari dogo la abiria kwa siku nzima na kugawana gharama, kila mmoja hutoa kiasi kinachovumilika, dereva husubiri, na mzee anayetaka kubaki akisali kwa muda mrefu hahimizwi na ratiba ya mtu yeyote.